Uchambuzi wa kisa: seva ya GB 768 iliyoshindwa kuandika dampu yake

Seva ya hifadhidata ilipata paniki ya kerneli usiku, ikajiwasha upya yenyewe, na asubuhi /var/crash, saraka ya dampu kwenye NFS (diski ya mtandaoni), ilikuwa tupu. Hakukuwa na vmcore-incomplete (dampu iliyokatika), hakukuwa na vmcore-dmesg.txt, hata folda ya tarehe haikuwepo. Muda wote huo systemctl status kdump (kdump ni huduma inayoandika dampu, yaani nakala ya kumbukumbu, kerneli inapoanguka) ilikuwa inasema active (exited), kijani kama kawaida. Kisa cha namna hii hujirudia kwenye mashine nyingi, na karibu kila mara dawa ya kwanza ni kuongeza kumbukumbu ya akiba inayotengewa kdump. Hapa iliongezwa kutoka MB 256 hadi GB 1, jaribio likafanyika, na /var/crash ikabaki tupu vilevile. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayofaa kuchambuliwa.

Mashine yenyewe: soketi mbili, RAM ya GB 768, Rocky Linux 8 (ndugu wa RHEL 8), kadi ya RAID yenye diski mbili za mfumo, kadi ya Fibre Channel ya kufikia storeji ya hifadhidata, na kadi mbili za mtandao za Gb 25 zilizounganishwa kuwa bond0. Dampu ilipangwa iende NFS kupitia bond0 hiyo. Kwenye mstari wa kuwasha kerneli kulikuwa na crashkernel=auto, kama ilivyokuja na mfumo.

Nini hutokea paniki inapotokea

Kdump hutenga kipande cha RAM mashine inapowaka na kukiweka pembeni. Ndani yake inapakiwa kerneli ya pili pamoja na initramfs yake, yaani mfumo mdogo wa faili wa kuwashia. Kerneli kuu ikianguka, kexec inarukia kerneli hiyo ya pili bila kupitia BIOS wala UEFI, na RAM yote ya zamani inabaki kama ilivyokuwa, ikisomeka kupitia /proc/vmcore. Programu ya makedumpfile inaichuja, inaibana na kuiandika, kisha mashine inajiwasha upya.

Kerneli ya pili haina ruhusa ya kugusa RAM nyingine yoyote kwa matumizi yake. Mashine ina GB 768, lakini kwa dakika hizo chache yenyewe ni kompyuta ya MB 256 yenye CPU moja, inayotakiwa kuwasha systemd, kupakia driva, kuinua mtandao, kufunga NFS na kuchuja kurasa milioni mia mbili. Ndiyo maana rangi ya kijani ya systemctl haisemi lolote kuhusu kama kumbukumbu inatosha. Inasema tu kwamba kerneli ya pili imepakiwa mahali pake. Vivyo hivyo faili hizi mbili:

cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
cat /sys/kernel/kexec_crash_size

Ya kwanza ilitoa 1. Ya pili ilitoa 268435456, yaani MB 256 kamili, na ndicho kiasi ambacho auto ya familia ya RHEL 8 hutenga kwa mashine ya x86_64 yenye RAM kati ya GB 64 na TB 1. Kila kitu kilikuwa sawa kwa kadiri mfumo unavyoweza kujua ukiwa hai.

Hesabu inayopoteza watu

Wengi hudhani akiba lazima ikue kulingana na RAM. Kwa sehemu ni kweli, ila sehemu yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Makedumpfile huweka biti moja kwa kila ukurasa wa KB 4, na inatumia ramani mbili za namna hiyo. GB 768 ni kurasa 201,326,592. Ukigawa kwa nane unapata baiti 25,165,824, sawa na MB 24. Ramani mbili, MB 48. Hata hizo si lazima zikae zote kwa wakati mmoja, kwa sababu makedumpfile inaweza kufanya kazi kwa mizunguko ikiwa na bafa ndogo; itachelewa tu. Kwa hiyo ukubwa wa RAM peke yake haukuwa na uwezo wa kumaliza MB 256, sembuse GB 1.

Kinachokula akiba kwa kawaida ni vitu vingine: kerneli yenyewe, initramfs ikiwa imefunguliwa, na bafa ambazo driva huomba zinapoanza kazi. Hizo za mwisho hazionekani popote kabla ya tukio. Amri ya kdumpctl estimate hujaribu kukadiria, na ni vizuri kuianza nayo:

kdumpctl estimate

Inajumlisha ukubwa wa kerneli, moduli, initramfs, MB 64 za matumizi ya wakati wa kazi, na kama shabaha ya dampu iko kwenye diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa diski), inaongeza kumbukumbu ambayo kufungua LUKS hiyo inahitaji. LUKS2 yenye Argon2id inaweza kudai hadi GB 1 kwa kufungua ufunguo tu, na hiyo ni sababu tosha ya kutoweka dampu kwenye diski ya namna hiyo. Lakini moduli inahesabiwa kwa ukubwa wake yenyewe. Driva ya mtandao yenye moduli ya MB 2 inaweza kuomba makumi ya MB za bafa mara inapoiona kadi, na makadirio hayalijui hilo. Kwenye seva hii, ambako hakuna LUKS, amri hiyo haikutoa onyo lolote la kusaidia.

Shahidi pekee ni konsoli

Kerneli ya pili ikifa kabla ya kufikia NFS, hakuna logi inayobaki kwenye diski. Kila kitu ilichosema kinapotea pamoja nayo. Kwa hiyo kabla ya jaribio lolote, fungua konsoli ya siriali. Kwenye seva nyingi za rafu hiyo inapatikana kupitia BMC (kompyuta ndogo ya kusimamia seva kwa mbali):

ipmitool -I lanplus -H ANWANI_YA_BMC -U mtumiaji sol activate

Hakikisha pia mstari wa kerneli una console=ttyS0,115200, au ttyS1 kutegemea mashine, na kwamba terminali yako inahifadhi kila kinachopita. Picha ya skrini ya BMC haitoshi: mistari muhimu inakuwa imeshapanda juu na kutoweka, na kinachobaki kwenye picha ni mwisho wa paniki ya pili, usio na habari.

Jaribio lenyewe hufanywa kwa kuiangusha mashine kwa makusudi, wakati hifadhidata imesimamishwa na watumiaji wamearifiwa:

sync
echo 1 > /proc/sys/kernel/sysrq
echo c > /proc/sysrq-trigger

Kwa akiba ya GB 1, konsoli ilionyesha kerneli ya pili ikiwaka vizuri kwa sekunde chache, kisha haya (yamepunguzwa):

systemd[1]: Starting Apply Kernel Variables...
systemd-udevd invoked oom-killer: ... order=0
Node 0 DMA32 free:771204kB min:2094388kB low:2617984kB high:3141580kB
Kernel panic - not syncing: System is deadlocked on memory

Msomaji mwenye haraka ataona neno oom-killer (sehemu ya kerneli inayoua programu kumbukumbu ikikosekana) na kuhitimisha kuwa kumbukumbu imeisha. Soma mstari wa tatu polepole. Zilizo wazi ni KB 771,204, zaidi ya MB 750. Kumbukumbu haijaisha kabisa. Robo tatu ya akiba iko bure. Tatizo ni namba inayofuata: min ni KB 2,094,388, karibu GB 2. Hicho ndicho kiwango ambacho kerneli imeambiwa isishuke chini yake, na ni kikubwa mara mbili ya kumbukumbu yote iliyopo. Kila ombi la kawaida linakataliwa, oom-killer inaamka, inaua wachache walio hai, haipati wa kuua tena, na kerneli inakata tamaa. Kwa kuwa kdump huwasha kerneli ya pili na panic=10, baada ya sekunde kumi mashine inajiwasha upya na hakuna anayejua kilichotokea.

Ishara ya pili ni mahali kifo kilipotokea: mara tu baada ya Apply Kernel Variables, ambayo ni huduma ya systemd-sysctl inayoweka vigezo vya kerneli, na kabla ya driva yoyote ya mtandao kutoa neno. Hapo tayari unajua pa kutafuta.

Faili moja yenye mistari miwili

Kwenye mashine hai kulikuwa na faili /etc/sysctl.d/90-hifadhidata.conf:

vm.min_free_kbytes = 2097152
vm.nr_hugepages = 262144

Kwa seva ya GB 768 mistari hii haina ubaya. Ya kwanza inaacha GB 2 wazi ili maombi ya ghafla ya kumbukumbu yasikwame. Ya pili inatenga kurasa kubwa 262,144 za MB 2, yaani GB 512, kwa ajili ya hifadhidata. Ubaya ni kwamba dracut, inapojenga initramfs kwa ajili ya mashine hiyo hiyo, huchukua /etc/sysctl.conf na faili za /etc/sysctl.d na kuziweka ndani. Initramfs ya kdump nayo hujengwa na dracut. Hivyo mipangilio iliyokusudiwa GB 768 ikaenda kutekelezwa kwenye kompyuta ya GB 1. Nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya kuwa min_free_kbytes ikiwekwa juu mno inaiua mashine papo hapo kwa oom. Onyo hilo lilitimia herufi kwa herufi.

Kwa nini jaribio la awali, lile la siku seva ilipokabidhiwa, lilifaulu? Kwa sababu initramfs ya kdump ni nakala ya wakati ilipojengwa. Kdumpctl huijenga upya ikiona /etc/kdump.conf imebadilika, au vifaa vimebadilika, au kerneli ni mpya. Haiangalii faili za sysctl. Aliyerekebisha hifadhidata aliongeza mistari yake baadaye, na hakuna kilichotokea. Kisha ikaja kerneli mpya kwenye sasisho la kawaida, initramfs ikajengwa upya, mistari ikaingia. Kati ya mabadiliko na madhara kulikuwa na muda mrefu kiasi kwamba hakuna aliyeyaunganisha.

Kuthibitisha bila kuangusha mashine tena:

lsinitrd /boot/initramfs-$(uname -r)kdump.img | grep sysctl

Kwenye RHEL 8 na ndugu zake initramfs ya kdump huwa na sehemu iliyobanwa kwa squashfs, na lsinitrd huhitaji unsquashfs ili kuona ndani yake. Sakinisha squashfs-tools kwanza, la sivyo grep haitatoa kitu na utadhani uko salama.

Dawa nusu na sura yake

Kwa kuwa min_free_kbytes ndiyo iliyoonekana kwenye logi, mstari huo peke yake uliondolewa, initramfs ikajengwa upya, jaribio likarudiwa kwa akiba ile ile ya GB 1. Likafeli tena, lakini kwa sura tofauti. Safari hii zilizo wazi zilikuwa kidogo kweli, na chini ya ripoti ya oom palikuwa na mstari huu:

Node 0 hugepages_total=371 hugepages_free=371 hugepages_surp=0 hugepages_size=2048kB

Kurasa 371 za MB 2 ni MB 742. Kerneli ya pili iliambiwa itenge kurasa kubwa 262,144, ikatenga kadiri ilivyoweza, na kilichobaki hakikutosha kwa systemd-udevd. Katika jaribio la kwanza jambo hili lilifichwa: min_free_kbytes ilitangulia kwenye faili, ikafunga mlango kabla ya nr_hugepages kuomba chochote.

Kuna mtego hapa unaowapata hata wenye uzoefu. Faili /etc/sysconfig/kdump ina kigezo KDUMP_COMMANDLINE_REMOVE, na ndani yake hugepages na hugepagesz zimeorodheshwa. Ukiiona unatulia: kdump inajua kuhusu kurasa kubwa na inaziondoa. Ndiyo, inaziondoa kwenye mstari wa kuwasha kerneli. Zilizoandikwa kwa njia ya sysctl haizigusi.

Suluhisho lililokubalika lilikuwa kuhamisha mistari yote miwili kwenye profaili ya tuned, kwa sababu tuned ni huduma ya mfumo kamili na haiingii kwenye initramfs. Fungua /etc/tuned/hifadhidata/tuned.conf:

[main]
include=throughput-performance

[sysctl]
vm.min_free_kbytes=2097152
vm.nr_hugepages=262144

Kisha:

tuned-adm profile hifadhidata
rm /etc/sysctl.d/90-hifadhidata.conf
touch /etc/kdump.conf
systemctl restart kdump

Ile touch inalazimisha initramfs ijengwe upya. Kama kdumpctl yako ina amri ya rebuild, itumie hiyo. Angalizo kwa upande wa hifadhidata: tuned huanza baadaye kidogo kuliko systemd-sysctl, kwa hiyo huduma ya hifadhidata ipewe After=tuned.service, au sivyo inaweza kuamka kabla kurasa kubwa hazijatengwa. Kutenga GB 512 za kurasa kubwa kwenye mashine ambayo imeshaanza kutumika pia kunaweza kupungukiwa. Ukiona HugePages_Total kwenye /proc/meminfo haifiki 262144, weka hugepages=262144 kwenye mstari wa kerneli badala ya tuned. Huko kdump inajua kuziondoa, kama tulivyoona.

Matoleo mapya ya kexec-tools hufuta faili za sysctl kutoka initramfs ya kdump, kwa sababu hii hasa. Kusasisha ni jambo jema, lakini usilitegemee bila kuchungulia kwa lsinitrd.

Sasa ndipo akiba inapopimwa

Baada ya sumu ya sysctl kuondoka, swali la kiasi gani kitengwe likawa swali halali. Njia isiyo na ubahatishaji ni kutenga kingi kwanza, kupima kilele, kisha kupunguza. GB 1 iliachwa ilivyo. Pakiti ya memstrack ikasakinishwa, na kwenye /etc/sysconfig/kdump, mwisho wa KDUMP_COMMANDLINE_APPEND, kikaongezwa rd.memdebug=4, initramfs ikajengwa upya na mashine ikaangushwa tena. Kiwango cha 1 na 2 kinachapisha /proc/meminfo katika hatua za kuwaka. Cha 3 kinaongeza slabinfo. Cha 4 kinatoa muhtasari wa memstrack, yaani kila moduli ilitumia kiasi gani na kilele chake kilikuwa wapi. Yote hutoka kwenye konsoli.

Kilele cha jumla kilikuwa karibu na MB 390. MB 256 za auto zisingetosha hata bila mistari ya sysctl. Kulikuwa na magonjwa mawili, na la kwanza lilikuwa likimficha la pili. Walaji wakubwa wawili walikuwa driva ya kadi za Gb 25 na driva ya Fibre Channel.

Ya mtandao inaeleweka, kwa kuwa dampu inapita huko. Fibre Channel ilifuata nini? Mkdumprd, programu inayojenga initramfs ya kdump, hujenga kwa hali kali, ikichukua moduli zinazohitajika na shabaha ya dampu tu. Jibu lilikuwa /etc/dracut.conf.d, ambako mwongozo wa kusakinisha storeji ulikuwa umeongeza add_drivers na jina la driva hiyo ili initramfs ya kawaida iione. Kdump husoma folda hiyo hiyo. Driva ikaingia, ikaona kadi, ikaanza kuzungumza na swichi na kutenga bafa kwa ajili ya diski ambazo hakuna atakayezigusa. Kama driva hiyo ni lpfc, kuizuia ni mstari mmoja kwenye /etc/kdump.conf:

dracut_args --omit-drivers "lpfc"

au rd.driver.blacklist=lpfc kwenye KDUMP_COMMANDLINE_APPEND. Usiguse dracut.conf.d yenyewe kama mfumo unawaka kutoka kwenye storeji hiyo.

Jambo la kutogusa kabisa ni nr_cpus=1 kwenye /etc/sysconfig/kdump. Mara kwa mara mtu huiona, akafikiri dampu itaandikwa haraka zaidi kwa CPU nane, na kuibadilisha. Driva nyingi za mtandao na diski hutenga foleni kwa kila CPU, kila foleni na bafa zake. Ukiongeza CPU unaongeza foleni, na hesabu yote ya akiba inaharibika.

NFS au diski ya ndani

Hapa maoni yanatofautiana. NFS ina faida ya kukusanya dampu zote mahali pamoja, na kwa seva nyingi zisizo na diski ya ziada haina mbadala. Lakini inamlazimisha mgonjwa mahututi ainue bond, VLAN, anwani na NFS, kila kimoja kikiwa na namna yake ya kufeli. Kama kuna nafasi kwenye diski za mfumo, patisheni ya ndani ni bora: driva moja ya RAID, mfumo wa faili mmoja, basi. Kunakili kwenda NFS kunaweza kufanywa na rsync mashine ikishawaka.

Ukubwa wa patisheni hukadiriwa kwenye mashine hai, ikiwa chini ya mzigo wake wa kawaida:

makedumpfile --mem-usage /proc/kcore

Jedwali litakalotoka lina safu za ZERO, NON_PRI_CACHE, PRI_CACHE, USER, FREE na KERN_DATA. Makedumpfile ikiendeshwa na -d 31 inaziruka zote isipokuwa ya mwisho. 31 ni jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16, biti moja kwa kila aina ya ukurasa unaorukwa. KERN_DATA ilikuwa kurasa zipatazo milioni 4.6, na mara baiti 4096 ni kama GB 18.8 kabla ya kubanwa. Patisheni ya GB 60 ilitosha dampu kadhaa na nafasi ya kukua, kwa kuwa data ya kerneli huongezeka pale hasa panapokuwa na uvujaji wa kumbukumbu, na uvujaji ni moja ya sababu za paniki. Core_collector ikiachwa kuwa cp, faili itakuwa ya GB 768. Hilo linatokea kwenye mashine ambazo mtu alikuwa anajaribu kitu akasahau kurudisha.

Mipangilio ya mwisho ya /etc/kdump.conf:

xfs LABEL=dampu
path /
core_collector makedumpfile -l --message-level 7 -d 31
failure_action reboot
dracut_args --omit-drivers "lpfc"

Patisheni yenye lebo hiyo iwe imewekwa kwenye /etc/fstab na imefungwa kwenye saraka yake wakati kdump inapojenga initramfs, vinginevyo huduma itakataa kuanza. Wakati wa majaribio failure_action shell ina manufaa zaidi, kwa sababu hatua ikifeli unapata ganda ndani ya kerneli ya pili na unaweza kuandika free -m. Haisaidii kerneli yenyewe ikifa kwa oom, na kwenye uzalishaji itaiacha seva imekaa ikisubiri mtu asiyekuwepo.

Kwa mpangilio huu kilele kilishuka hadi karibu MB 210. Kingeingia ndani ya MB 256, lakini kwa nafasi finyu ambayo firmware mpya au kerneli mpya ingeweza kuimaliza. Ikatengwa MB 512:

grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"
grubby --info=ALL | grep crashkernel

Rekebisha pia /etc/default/grub, kwa sababu siku mtu atakapoendesha grub2-mkconfig thamani ya zamani itarudi. MB 512 kwenye GB 768 ni asilimia 0.065 ya RAM; kubana hapo hakuna maana. Kwenye mashine pepe ya GB 2 mjadala ni mwingine, kwani MB 192 tu ni zaidi ya asilimia 9.

Endapo baada ya kuwasha dmesg itasema crashkernel reservation failed - No suitable area found, kerneli haijapata kipande kimoja kisichokatika; kerneli za zamani hukitafuta chini ya GB 4 tu. Hutokea kwenye mashine zenye vifaa vingi vya PCIe vilivyogawagawa eneo hilo. Tumia crashkernel=512M,high. Ujue kwamba kerneli ya x86_64 itaongeza yenyewe angalau MB 256 chini ya GB 4 kwa ajili ya vifaa vinavyohitaji DMA ya biti 32, hivyo jumla inayotoka kwenye RAM ni MB 768, na /proc/iomem itaonyesha mistari miwili ya Crash kernel. Kusoma faili hiyo kunahitaji root. Mtumiaji wa kawaida huona sufuri tupu. Usiweke 0M,low eti kuokoa MB 256 hizo. Driva ya RAID ikikosa bafa za chini, dampu itakwama kwenye hatua ya mwisho kabisa, diski isipoonekana.

Kuhakikisha, na yanayobaki

Jaribio la mwisho lilitoa folda yenye jina linaloanza na 127.0.0.1 na tarehe, na ndani yake vmcore na vmcore-dmesg.txt. Faili kuwepo hakutoshi, ifungue. Kwenye mashine nyingine yenye kernel-debuginfo ya toleo lile lile kabisa:

crash /usr/lib/debug/lib/modules/TOLEO/vmlinux vmcore

Ukipata kidokezo cha crash, na bt ikaonyesha sysrq_handle_crash kwenye mrundikano, dampu ni nzima. Ikilalamika kuhusu toleo, debuginfo si yake.

Ondoa rd.memdebug=4 baada ya vipimo. Kama seva ni mwanachama wa klasta ya Pacemaker, panga fence_kdump kabla ya yote haya. Bila hiyo wenzake wataiona imenyamaza na kuizima umeme katikati ya kuandika, na hapo ndipo vmcore-incomplete huzaliwa hata kama kumbukumbu ilikuwa tele. Watchdog ya BMC yenye muda mfupi hufanya vivyo hivyo.

Vmcore ibaki na ruhusa ya 0600. Ndani yake kunaweza kuwa na funguo za usimbaji, nywila na data za wateja zilizokuwa zinapita kwenye bafa za kerneli, maana -d 31 inaruka kurasa za programu lakini hairuki za kerneli. Kuituma kwa mtoa msaada aliye nje ya nchi ni kusafirisha taarifa hizo, na kwa walio Kenya au Tanzania sheria za 2019 na 2022 za ulinzi wa data zinahusika.

Seva ikipandishwa kwenda toleo la 9, crashkernel=auto haipo tena. Chaguo-msingi huko ni 1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M, nayo huandikwa wazi kwenye mstari wa kerneli. Mashine iliyohamishwa na mstari wake wa zamani wa auto inaweza kuwaka bila kutenga chochote. Angalia kama /sys/kernel/kexec_crash_size inatoa 0.